Kazi za Mikono: Mlango Uliokataa Kufunguka



Juma lililopita tulizungumza juu ya kuchagua mbao na kuzikausha. Leo twaendelea na kazi iliyo ngumu kuliko watu wengi wanavyodhani, ndiyo kutengeneza mlango wa mti. Lakini kabla ya kuwaonyesha njia yake, yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe, kwa maana hayo nitakayowaambia sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa hofu na kwa aibu.

Mwaka ule nilikuwa nimepewa nyumba ya walimu, si mbali sana na Lubumbashi. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwisho wa kiangazi, majani yameungua na udongo umepasuka kwa ukavu. Nikasema moyoni: Mimi niliyesoma Kilatini miaka mingi, nitashindwa na mlango? Nikanunua mbao tano za mkalitusi, kila moja yenye upana wa sentimita 16. Nikazibandika kwa gundi ubavu kwa ubavu, na kwa nyuma nikapigilia vipande vitatu vya kukingama kwa misumari mirefu. Nikauingiza katika miimo yake, ukaingia barabara kama kifuniko katika sanduku. Hata jani la mchai halikuweza kupita pembeni. Upande wa nje nikaupaka rangi ya kijani, mipako miwili, na upande wa ndani nikauacha vivi hivi, kwa kuwa fedha ilikuwa imekwisha. Majirani wakapita wakausifu, nami nikasifika.

Mvua zilipoanza, mlango ukaanza kulia. Mwezi wa kumi na mbili ilinipasa kuuvuta kwa mikono miwili. Mke wangu aliniambia, “Baba Yosefu, mlango huu utatusumbua.” Nikamjibu, “Jumamosi nitaupiga randa.” Jumamosi ikapita, na ya pili pia ikapita, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Mwezi wa kwanza mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa siku ya tatu mtoto wetu, aliyekuwa na miaka miwili, alishikwa na homa kali. Mwili ukawaka, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kutetemeka. Mama yake akamfunga mgongoni, nami nikafungua komeo na kuvuta mlango. Haukusogea. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, mkono wa mlango ukang’oka nikabaki nao kiganjani. Madirisha yalikuwa na vyuma. Tulikuwa tumefungwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, na mimi ndimi niliyetufunga.

Nikapiga kelele. Jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya useremala maisha yake yote, akaja mbio katika mvua. Akausukuma mlango kwa bega mara tatu, asiuweze. Ndipo akaenda kuleta shoka. Mtoto alifika zahanati, akadungwa sindano, akapona, na hivi sasa ni mwanafunzi. Lakini muuguzi wa usiku ule alitazama saa, akatutazama sisi, akasema tu, “Mmechelewa wapi?” Neno hilo halijanitoka masikioni.

Kesho yake mchana yule mzee alikuja akachutama mbele ya vipande vya mlango wangu. Akavigeuza-geuza kama daktari anayetazama jeraha.

“Mwalimu, ulipaka rangi upande mmoja tu?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Na ulipima mwezi gani?”

“Mwezi wa tisa.”

Hakucheka. Akasema, “Basi ulimkatia mtoto koti siku ya kuzaliwa, ukataka alivae hata siku ya arusi yake. Mti ukikatwa haukomi kunywa, Mwalimu.”

Sasa tusikilize maana ya neno hilo.

Ndani ya mti mna nyuzi nyingi sana zilizosimama pamoja, mfano wa fungu la matete. Kuta za nyuzi hizo hunywa unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na maji mengi, kuta hunenepa. Hewa ikikauka, hukonda. Kwa hiyo ubao hupanuka na kupungua kwa upana wake, lakini kwa urefu wake haubadiliki ila kidogo mno, hata fundi hauhesabu. Neno hilo ndilo mzizi wa elimu yote ya milango, nanyi wanafunzi mlishike vema: mti hutembea kwa upana, kwa urefu hautembei.

Tena si kila ubao hutembea sawasawa. Gogo likipasuliwa, ubao uliopita katikati ya moyo wa mti hutembea karibu nusu tu ya ubao uliokatwa pembeni. Mtautambua kwa kutazama kichwa chake: katika ule wa kwanza mistari ya miviringo husimama wima, katika ule wa pili hulala kama upinde. Huu wa pili ndio unaopenda pia kupinda. Na aina za miti nazo zina tabia zake. Mninga, ambao Wabemba huuita mulombwa, ni mpole sana. Mvule nao hautembei sana. Mkalitusi ni mkaidi.

Haya, sasa tushike kalamu. Chukueni ubao wa kawaida ambao, toka ubichi hata ukavu kabisa, hupungua 6 katika 100 ya upana wake. Mabadiliko hayo hutokea wakati maji ya ndani ya mti yanaposhuka toka 30 katika 100 ya uzito wake mkavu hata sifuri. Kwa hiyo kila sehemu 1 ya maji yafanya mabadiliko ya 0.2 katika 100. Mwisho wa kiangazi ubao uliokauka vema waweza kuwa na maji 8 katika 100. Katikati ya mvua kubwa wafika 15. Tofauti ni 7. Zidisheni 7 kwa 0.2, mtapata 1.4 katika 100. Mlango wangu ulikuwa na upana wa milimita 800. Hesabu yasema utapanuka kwa milimita 11 na zaidi, nami nilikuwa nimeacha milimita 3 tu, pande zote mbili pamoja. Tena nilitumia mkalitusi, unaopita kipimo hicho! Hesabu hiyo ya sehemu katika mia nilikuwa naifundisha darasani kila mwaka. Sikuwahi kufikiri kwamba yahusu mlango wangu.

Je, tufanyeje? Watu wa kale walilipata jibu. Katika mji wa Herculaneum, nchi ya Italia, uliozikwa na mlima wa moto mwaka 79, wachimbaji walikuta ukuta wa mbao wenye milango uliogeuka makaa usiharibike, nao ulikuwa umetengenezwa kwa viunzi na mbao za kati. Mafundi wa Unguja na Lamu walishika njia nyingine: waligawa mlango mkubwa kuwa mabawa mawili, na katikati wakaweka ule mti uitwao mfaa, ambao umefungwa katika bawa moja na kuufunika ufa wa katikati. Bawa likipanuka au kupungua, ufa hauonekani. Njia ni mbili, lakini shauri ni moja: usishindane na mti, uupe mahali pa kutembea.

Mlango wa kiunzi ni huu. Kuna miti miwili ya kusimama, mmoja upande wa bawaba, mmoja upande wa kitasa. Kuna miti mitatu ya kulala: wa juu, wa katikati na wa chini. Kati ya miti ya kulala husimama vipande viwili vifupi vinavyougawa mlango. Hiyo yote ni kiunzi. Nafasi nne zilizobaki huzibwa na mbao nyembamba, tuziite mbao za kati, ambazo kingo zake huingia katika mfereji uliochimbwa ndani ya kiunzi. Kiunzi hushikwa imara kwa gundi. Mbao za kati hazishikwi kwa gundi wala kwa msumari.

Tazameni faida yake. Upana wa mlango sasa wategemea urefu wa miti ya kulala, na urefu hautembei. Kinachopanuka ni ile miti miwili ya kusimama peke yake. Kila mmoja una sentimita 10, yaani milimita 200 kwa pamoja. Zidisheni kwa 1.4 katika 100: milimita 2.8. Mlango uleule wa sentimita 80, nyumba ileile, mvua ileile, lakini badala ya milimita 11 twapata karibu 3. Mbao za kati nazo zitapanuka, lakini ndani ya mfereji wake, pasipo kumsumbua mtu.

Na sasa kazi yenyewe.

Kwanza, mbao. Chagueni zilizo kavu na nyofu kwa ajili ya miti ya kusimama, unene wa sentimita 4. Kiunzi kilichopinda hakinyoshwi na bawaba. Mbao zikiisha kupasuliwa kwa kipimo, ziacheni majuma mawili ndani ya nyumba, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, ndipo mzipige randa kwa mara ya mwisho.

Pili, viungo. Mwisho wa kila mti wa kulala mkateni ulimi wenye unene wa theluthi ya mti, kama milimita 13, na katika mti wa kusimama mchimbe tundu la kuupokea. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Ukiingia kwa kupigwa sana, utapasua. Ukiingia wenyewe, gundi haitaushika. Mti wa chini ni mpana, sentimita 20. Msiukatie ulimi mmoja mpana, bali ndimi mbili zenye nafasi katikati. Kwa nini? Kwa sababu ulimi nao ni mti, hutembea kwa upana wake, na ulimi mpana uliobanwa na gundi utapasuka au utalegea.

Tatu, mfereji. Upande wa ndani wa kiunzi chote mchimbe mfereji wenye kina cha milimita 12. Upana wake ulingane na ukingo wa ubao wa kati, si zaidi, ili ubao usigonge-gonge wakati wa upepo.

Nne, mbao za kati. Nyuzi zake zisimame wima. Kingo zake zipunguzwe kwa randa hata ziingie katika mfereji na kuteleza. Hapa ndipo hesabu hurudi. Ubao wa kati wenye upana wa milimita 270 utabadilika kwa milimita 3.8, yaani karibu 2 kila upande. Mkitengeneza mlango mwisho wa kiangazi, wakati ubao umekonda, acheni nafasi ya milimita 3 kila upande kati ya ukingo na mwisho wa mfereji. Mkitengeneza katika mvua kubwa, wakati ubao umenenepa, milimita 1 yatosha, maana ubao hauna njia ila kupungua. Hivyo katika kiangazi ubao huingia milimita 9, katika mvua huingia zaidi, wala hautoki kamwe. Kwa urefu, acheni milimita 1 tu juu na chini. Wenye kutumia tripleksi, yaani ubao uliobandikwa kwa matabaka yaliyopishanishwa nyuzi, hawana hesabu hii, kwa kuwa tabaka moja huzuia jingine. Lakini kwa mlango wa nje wahakikishe kwamba gundi yake ni ile isiyoogopa maji.

Tano, rangi kabla ya kuunganisha. Wengi hukosa hapa. Wao huunganisha mlango wote, kisha hupaka. Rangi huingia kati ya ubao na kiunzi, ikikauka huwa kama gundi. Kiangazi kikija, ubao wataka kupungua, rangi yaushika. Mwisho ubao wapasuka katikati kwa kishindo usiku, na watu husema ni mambo ya wachawi. Au tena ubao wafaulu kupungua, na kando yake waonekana mstari mweupe wa mti usiopakwa, kama soksi chini ya suruali fupi. Basi mbao za kati zipakwe zikiwa bado nje: mbele, nyuma, na kingo zote, mpako wa kwanza na wa pili. Zikikauka vema, sugueni pembe zake kwa kipande cha mshumaa, mahali pale tu panapofichwa na mfereji, ili gundi ya viungo ikitiririka isiushike ubao.

Sita, kuunganisha. Gundi itiwe katika matundu na juu ya ndimi, kwa kiasi. Bana kiunzi, pima toka pembe hata pembe kwa njia mbili. Vipimo vikilingana, mlango ni mraba. Mkitaka ubao wa kati ubaki katikati ya nafasi yake, pigeni msumari mwembamba mmoja juu na mmoja chini, mahali pa nusu ya upana wake kabisa. Hapo ubao utatembea sawa kulia na kushoto. Msumari wa pembeni ni marufuku.

Saba, rangi ya mwisho. Rangi haizuii mti kunywa; huuchelewesha tu. Kwa hiyo pakeni pande zote mbili kwa mipako iliyo sawa. Upande mmoja ukinywa upesi kuliko wa pili, mlango hupinda, nao wangu ulipinda kweli. Na kichwa cha juu cha mlango pamoja na kile cha chini msivisahau! Humo miisho ya nyuzi imefunguka, nayo hunywa maji upesi kuliko mahali pengine pote. Mtu hapaoni, kwa hiyo hapapaki. Pakeni hapo mara tatu, kabla hamjatia bawaba. Mkiisha kupaka mpako wa mwisho, pitisheni ncha ya kisu kati ya ubao na kiunzi ili kukata utando wa rangi. Kwa mlango unaochomwa na jua la mchana, chagueni rangi nyeupe-nyeupe. Rangi nyeusi hunywa joto na kuukausha mti upande mmoja.

Nane, kuutundika. Mwisho wa kiangazi acheni milimita 4 kwa jumla ya pande mbili, tena ongezeni unene wa rangi. Katika mvua kubwa milimita 2 zatosha. Jirani akiwaambia kwamba ufa ni mkubwa, mwambieni angoje mwezi wa kwanza.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha haya yote. Mlango wa pili tuliufanya pamoja, Jumamosi nne mfululizo, mimi nikishika msumeno na yeye akinisahihisha kama nilivyozoea kuwasahihisha wanafunzi. Nilipotaka kutia gundi katika ubao wa kati ili, kama nilivyosema, “uwe imara zaidi,” aliushika mkono wangu. “Mwalimu,” akasema, “ulichokifunga kwa nguvu mahali pasipofaa ndicho kitakachovunjika.” Mlango ule bado wasimama. Kila mwaka, mvua zinapoanza, husogea kidogo na kulijaza pengo lake, na kiangazi kikirudi waonyesha ufa mwembamba. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuufungua kwa mkono mmoja.

Mzee huyo amekwisha kufariki. Randa yake aliniachia mimi, ingawa najua kwamba palikuwa na mafundi walioistahili zaidi.

Enyi baba wa nyumba, kabla ya mvua kuja piteni leo katika milango yenu. Uvuteni kila mmoja. Unaolia, upigeni randa juma hili, wala msingoje Jumamosi nyingine; na mahali mlipokata kwa randa, pakeni rangi mara moja, maana mti uliofunuliwa hunywa tena. Nanyi wanafunzi, mfanyeni hesabu hii: Ubao wa kati wa mninga una upana wa milimita 300. Toka ubichi hata ukavu kabisa hupungua 3 katika 100. Maji yake yakipanda toka 8 hata 15, utapanuka kwa milimita ngapi, na mtaacha nafasi gani kila upande? Jibu mtalisoma juma lijalo, hapo tutakaposema juu ya bawaba na vitasa.